Wanawake Hamsini wa Ngomeni

Nilizaliwa katika Mji wa Kale wa Mombasa, karibu na Ngome ya Yesu, lakini nilipokuwa shuleni niliichukia historia kama mgonjwa achukiavyo dawa chungu. Mwalimu wetu alitukaririsha miaka: 1593 Wareno walianza kuijenga ngome, 1698 walitolewa na Waarabu wa Omani. Aliyesahau alichapwa, nami nilikuwa msahaulifu.

Dunia ina mizaha yake: nilipokua nikawa mwalimu wa somo lilo hilo. Fimbo sikuishika, lakini miaka niliwakaririsha watoto wa watu vile vile, hata siku moja msichana mmoja akasinzia mbele ya macho yangu. Nilitaka kumkemea, nikajiona mwenyewe katika usingizi wake.

Usiku ule nilifungua kitabu kinachoeleza habari za kuzingirwa kwa ngome, jambo lililoanza Machi 1696 likadumu miezi 33. Maradhi yaliwamaliza waliokuwamo. Agosti 1697 kapiteni wa Wareno alifariki, na ngome ikabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50, mpaka msaada ulipowasili Septemba. Nilirudia maneno hayo mara tatu. Tangu utoto nilidhani kuwa ndani walikuwa Wareno, nje Waarabu, na sisi watu wa pwani tulikuwa watazamaji tu!

Kesho yake sikuandika mwaka wowote ubaoni. Niliwapa wanafunzi ukurasa ule, wakausoma kwa zamu. Kengele ililia, hakuna aliyeinuka. Mmoja aliuliza nani alikesha ukutani usiku. Wengine walishindana: Bwana Daud alikuwa shujaa, au kibaraka wa wageni? Waliomtetea na waliomlaumu wote walirudi kitabuni kutafuta ushahidi, jambo ambalo amri zangu hazikupata kulifanya hata mara moja.

Jumamosi tulikwenda na kitabu chetu ngomeni. Mahali hapo palikuwa gereza tangu 1895 hata 1958, na makumbusho tangu 1960. Wengi katika wanafunzi wangu walipita mlangoni kila siku bila ya kuingia. Tuliketi penye kivuli cha ukuta, upepo wa bahari ukigeuza kurasa kabla ya wakati wake, tukasoma tena.

Yule msichana wa usingizi aliinua mkono.

"Mwalimu," akasema, "bibi yangu ni mtu wa Faza. Bwana Daud ametajwa kwa jina. Na wale wanawake hamsini, majina yao yako ukurasa gani?"

Nilitafuta mbele na nyuma, darasa zima likiningoja.

"Hayapo," nikajibu.

Alikichukua kitabu, akatoa kalamu, akaliandika swali lake pembeni mwa ukurasa. Kilikuwa kitabu cha shule, na kalamu ilikuwa ya wino. Sikumkataza.