Kofi Lisiloumiza

Katika miaka niliyofundisha mada ya tafsiri kidato cha tano na cha sita, nahau moja ya Kiingereza iliwasumbua wanafunzi wangu kila mwaka: "a slap on the wrist". Maneno yake ni mepesi. Kofi twalijua, na mkono twaujua. Basi mwanafunzi huandika bila kusita kwamba mkosaji "alipigwa kofi la mkono", akaendelea na sentensi nyingine.

Taabu imo katika kofi lenyewe. Kwa Mswahili, kofi hutua shavuni. Huuma, na hufedhehesha mbele za watu. Mwingereza alishushapo hadi kwenye kifundo cha mkono, halikusudiwi kuumiza. Ni kofi la mzazi kwa mtoto aliyedokoa nyama jikoni. Nahau hiyo, kwa hiyo, hutaja adhabu hafifu isiyolingana na kosa, na aghalabu husemwa kwa lawama. Anayelaumiwa hapo ni yule aliyeadhibu.

Tuchukue mfano. Desemba 2012, benki ya HSBC ilikubali kulipa dola bilioni 1.9 nchini Marekani, kwa kushindwa kuzuia fedha za walanguzi wa dawa za kulevya wa Mexico zisipite katika akaunti zake. Hakuna mkuu wake yeyote aliyeshtakiwa. Mwaka 2011 faida yake kabla ya kodi ilikaribia dola bilioni 22, hivyo faini ile ilikuwa kama faida ya mwezi mmoja. Wakosoaji wakaitumia nahau yetu. Anayesoma tafsiri ya neno kwa neno ataamini kuwa benki ilikomeshwa, ilhali wao walilalamika kwamba haikukomeshwa.

Ndiyo maana niliwasihi wanafunzi wapime kwanza uzito wa adhabu, kisha watafute neno. Katika taarifa ya kawaida, "adhabu hafifu" yatosha. Panapo kejeli, "adhabu ya kiinimacho" hufaa zaidi. Lugha yetu yenyewe hutufunza uangalifu huo: kupigwa makofi ni aibu, kupigiwa makofi ni sifa, na kilichozitenganisha ni irabu moja tu.

Mfasiri asipoyazingatia haya, mwizi mkubwa atasomeka kuwa ameadhibiwa vikali, na msomaji wa Kiswahili hatakuwa na sababu ya kuuliza lolote.