Mpangilio Usiohifadhiwa

Aghalabu sisi walimu huridhika na kile mtoto anachotuonyesha kwa macho, tukasahau kuuliza kama kazi yake imewekwa mahali ambapo kesho tutaikuta. Somo hili nilijifunza kwa aibu, nami nalieleza hapa ili nanyi mnaojiandaa kwa kazi ya ualimu msije mkarudia kosa langu.

Mwaka 2019 nilikuwa nikifundisha Darasa la Tatu zoezi la kupanga sentensi ziwe habari yenye mtiririko. Hapo awali zoezi hilo nililifanya kwa kadi za manila. Mwaka huo mwalimu mwenzangu wa TEHAMA alitutengenezea ukurasa wa intaneti wenye sentensi sita zilizochanganywa, kila moja na herufi yake: A, Anapakua ugali; B, Maji yanachemka; C, Anateleka sufuria ya maji; D, Anasonga; E, Anatia unga; F, Mama anawasha moto. Mtoto huishika sentensi kwa kipanya, akaiburuta juu au chini, kisha akaiachia pale anapodhani ndipo mahali pake.

Alikuwapo mtoto mmoja ambaye kusoma kulimwia vigumu. Siku hiyo alihangaika kipindi kizima. Kesho yake nilianza kusahihisha kwa kufungua kazi yake, nikakuta sentensi zimekaa A, B, C, D, E, F, kama zilivyokuwa mwanzo. Nikamwita, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba alikuwa amecheza tu. Akajibu kwa sauti ndogo, "Nilipanga, mwalimu." Sikumsadiki. Nikafungua kazi ya pili, na ya tatu, hata ya mwisho. Zote zilikuwa hivyo hivyo.

Mwenzangu alipochunguza alinieleza sababu. Kuburuta sentensi hubadili ule ukurasa tu ulio wazi mbele ya mtoto. Ukurasa ukifungwa, mpangilio hupotea. Ukifunguliwa tena hujengwa upya kutokana na yale yaliyomo katika seva, yaani kompyuta inayotunza kumbukumbu kwa ajili ya nyingine. Wala haikutosha kwamba seva ilizihifadhi sentensi zote sita. Katika majedwali ya kumbukumbu yanayofuata nadharia aliyoitangaza E. F. Codd mwaka 1970, mistari haina ya kwanza wala ya mwisho. Ni kama kadi zilizotiwa mfukoni. Utaratibu ukitakiwa, hauna budi kuandikwa kama habari nyingine yoyote.

Marekebisho yalikuwa na hatua nne. Kwanza, mtoto anapoiachia sentensi, ukurasa husoma herufi kutoka juu hadi chini na kuzipeleka kwa seva, mathalani F, C, B, E, D, A. Pili, seva huhakikisha kazi ni ya mtoto huyo, kisha huandika nafasi ya kila herufi: F ni 1, C ni 2, hadi A ambayo ni 6. Nafasi zote huandikwa kwa pamoja au isiandikwe hata moja, maana mpangilio wa nusu hupotosha. Tatu, neno "Imehifadhiwa" huonekana baada tu ya seva kujibu. Mtandao ukikatika, mtoto huambiwa ukweli. Nne, ukurasa unapofunguliwa tena, sentensi huitwa kwa kufuata namba za nafasi.

Nilimwomba radhi mtoto yule mbele ya wenzake wale wale, kisha darasa likarudia zoezi. Safari hii kazi yake ilihifadhiwa: F, C, E, B, D, A. Unga ulitangulia maji kuchemka. Nilikuwa tayari kuweka alama ya kosa, lakini nilikuwa nimekwisha kujifunza kuuliza. Akanieleza kwamba bibi yake hukoroga unga kwanza katika maji ya baridi, ndipo uji uchemke, halafu huongeza unga na kusonga. Mtoto alikuwa ameandika jiko la kwao. Ufunguo wangu wa majibu ndio uliokuwa mfupi.

Ndugu walimu, huenda shule utakayopangiwa isiwe na kompyuta hata moja. Kanuni ni ile ile. Andika herufi nyuma ya kila kadi, na kabla ya kadi kukusanywa, mwambie kila mwanafunzi anakili herufi zake kwa mfuatano katika daftari. Hifadhi mpangilio wake, uwe sahihi au usiwe sahihi, kwani humo ndimo utakamoona namna anavyofikiri. Na kumbukumbu yako inapokuonyesha kwamba mtoto hakufanya kitu, chunguza kwanza kumbukumbu hiyo kabla hujamhukumu mtoto.