Viazi Vitamu vya Shira katika Sahani za Membley

Kiazi kitamu, ambacho Wagikuyu hukiita ngwaci, kwa muda mrefu kilikuwa na saa yake maalumu katika nyumba za Ruiru na Thika, nayo ni saa ya chai: kilichemshwa na maganda yake au kufukiwa katika jivu la moto kando ya mafiga, kisha kikamenywa kwa vidole na kuliwa pamoja na nduma, yaani magimbi. Kukipaka sukari na kukiweka ubavuni mwa nyama lingekuwa jambo la kuchekesha, kwani sahani ya mlo mkuu ilikuwa ya chumvi. Hata hivyo, utamu wenyewe ulitafutwa kwa bidii. Katika nyumba alimokulia mwandishi, viazi vilianikwa juani siku kadhaa baada ya kuchimbwa ili vinyauke, na vya jivuni vilipendwa kuliko vya sufuriani, upendeleo ambao sayansi inauunga mkono: joto linapopanda polepole, hasa kati ya nyuzi 60 na 75 za selsiasi, vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali, hupata muda wa kugeuza wanga kuwa sukari iitwayo maltosi.

Membley, mtaa wa makazi huko Ruiru, ilikua katika ukanda wa mashamba ya kahawa, na jina la Ruiru limo hata katika aina ya mbuni ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985. Barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kuzinduliwa mwaka 2012, nyumba ziliongezeka, na jikoni mwake hamkuwa na mafiga wala jivu. Palikuwa na meko, ule mtungi mdogo wa gesi wenye kichomeo juu yake. Wapo wanaoamini kwamba viazi vya shira, yaani vya maji ya sukari yaliyochemshwa hadi yakawa mazito, vililetwa na vipindi vya upishi vya televisheni. Hoja hiyo ina ukweli, lakini inausahau moto. Shira huungua haraka juu ya kuni zinazowaka kwa kishindo, ilhali moto wa gesi hupunguzwa kwa kuzungusha kitasa.

Tena si haki kukiita chakula hiki cha kigeni. Mombasa na Lamu, viazi vitamu hupikwa kwa tui la nazi, sukari na iliki, navyo huhesabiwa miongoni mwa futari, yaani vyakula vya kufungulia saumu ya Ramadhani. Tui zito linalotiwa mwishoni na kuachwa likauke juu ya kipande hufanya kazi ileile inayofanywa na siagi na shira huku bara.

Namna iliyozoeleka Membley ni kukata viazi vipande vya unene wa kidole, kuvipanga safu moja katika sufuria pana, na kutia maji yasiyovifunika, vijiko viwili vya sukari, kijiko cha siagi, chumvi kidogo na tangawizi iliyoparazwa. Sufuria hufunikwa mpaka uma upenye, kisha hufunuliwa, na hapo ndipo mpishi hujulikana: hakorogi, maana mwiko huvunja vipande, bali huitikisa sufuria kwa mkono huku akitazama povu, ambalo mwanzoni huwa jepesi na la haraka, kisha likawa la mapovu makubwa yanayopasuka taratibu. Ndimu hukamuliwa wakati huo, la sivyo utamu hukinaisha.

Karoti hupikwa vivyo hivyo na ni rahisi zaidi, kwa kuwa hazivunjiki. Viazi vya rangi ya chungwa, kama Kabode iliyozalishwa Uganda, vina karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na watoto huvutiwa na rangi yake. Lakini aina nyingi za rangi hiyo zina maji mengi, hivyo wapishi wengi wa makamo bado huchagua sokoni kiazi chenye ganda jekundu na nyama nyeupe, kile kikavu kinachomkaba mlaji asiye na chai.