Tanga: Jasho Bila Kuni

Watu wa Tanga wana msemo wao: waja leo, waondoka leo. Uongo mtupu! Mimi nilikwenda kwa siku moja nikakaa wiki nzima, na aliyenichelewesha ni shangazi yangu wa Ngamiani na nyungu yake.

Shangazi anaumwa mgongo. Kila Ijumaa jioni hubandika sufuria kubwa la majani ya mwarobaini na mchaichai, kisha hujifunika blanketi gubigubi mpaka jasho limtiririke. Mwaka 2020, wakati wa korona, nchi nzima ilipiga nyungu. Yeye alishaanza zamani. Tatizo ni mkaa, bei haishikiki! Tena, ndugu msomaji, kilo moja ya mkaa wa tanuri la kienyeji hula zaidi ya kilo 5 za kuni. Huku pwani hata mikoko haisalimiki na shoka.

Asubuhi moja nikamwambia, "Shangazi, twende Amboni." Ni kama kilomita 8 tu kutoka mjini, njia ya Horohoro. Wengi huishia mapangoni, sisi tukapitiliza mpaka chemchemi za Galanos, zenye jina la Mgiriki aliyekuwa mkulima wa mkonge. Lo! Harufu ya yai viza inakupokea kabla hujayaona maji. Hiyo ndiyo salfa. Maji yanatoka ardhini na moto wake, hakuna aliyechochea kuni. Wenyeji huyaoga kwa maradhi ya ngozi na viungo. Zamani palijengwa vyumba vya kuogea, baadaye vikaachwa vikachakaa.

Wafini, mabingwa wa kuoga mvuke, wana sauna zipatazo milioni 3 na wao wenyewe hawafiki milioni 6. Hata sauna inaweza kubana matumizi: chumba kidogo, kuta zisizopitisha joto, kuni kavu, na jiko likishawaka wanaingia wengi.

Shangazi alitumbukiza miguu, akafumba macho, kimya. Kisha akasema, "Mwanangu, kumbe Mungu kaniwekea jiko hapa, nami nahangaika na mkaa?"

Lakini kila wiki hawezi, nauli nayo ni hela. Basi tumepatana: Amboni mara moja kwa mwezi. Ijumaa nyingine ni sufuria dogo lenye mfuniko, na jirani anaitwa ajifukize kwa moto huohuo.

Nawe ukifika Tanga, usiishie mapangoni. Beba khanga ya kubadilisha, na taka zako rudi nazo.