Nani Hayupo?



Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji wa Goma hadi ikaingia Ziwa Kivu. Iliteketeza maelfu ya nyumba, pamoja na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Watu kwa mamia ya maelfu walikimbia, wengi wao wakivuka mpaka kuingia Gisenyi. Baada ya siku chache walianza kurudi, mawe yakiwa yangali na moto. Mawe hayo hayo wakaja kuyavunja kwa nyundo na kuyajengea kuta.

Watu wa Goma husifiwa kwa ushupavu huo, nao wanastahili. Lakini sisi tuliokwisha kuvuka miaka hamsini, ambao kazi yetu ni kuwaandaa walimu na makatekista hapa Bunia, twaona jambo linalotangulia nyundo na mawe. Mlima ulipolipuka tena, jioni ya tarehe 22 Mei 2021, watu walikimbia gizani bila kupewa onyo la kuhama, na watoto wengi wakatengana na wazazi wao. Mtoto wa namna hiyo hahitaji kwanza bati wala mbao. Ahitaji mtu mzima wa kumtambua na kusema: huyu ni wa kwetu, wazazi wake twawajua.

Swali la kwanza baada ya maafa, basi, ni hili: nani hayupo? Asiyemjua jirani yake jana hawezi kulijibu leo. Ndiyo maana katika mafunzo yetu twamtaka mwalimu mpya ayashike majina ya watoto wote tangu juma la kwanza. Mwenye kuita majina kila asubuhi huona mara moja nafasi iliyo wazi.

Huku Ituri hatuna volkano, lakini maafa twayajua. Agosti 2017 mlima uliporomokea kijiji cha wavuvi cha Tora, kando ya Ziwa Albert, ukazika familia nzima nzima. Vita navyo vimeleta Bunia maelfu ya watu kutoka Djugu na Irumu. Twaishi nao ua kwa ua, na mara nyingi twawaita "wakimbizi" tu, kana kwamba wazazi wao hawakuwapa majina. Wengine twaogopa hata kuuliza, maana kwetu jina hufichua kabila, na kabila limekwisha kuwapeleka wengi kaburini. Vijana, muulizeni jirani jina lake ili mmkumbuke, wala si ili mmpime.

Ujirani hauiondolei serikali wajibu wa kuchunguza milima na maziwa na kutoa onyo mapema. Wajibu huo tuudai. Lakini onyo likitolewa usiku, nani atamgongea mlango bibi asiyesikia?

Kabla ya mkutano wenu ujao, tembeeni katika avenyi yenu. Fahamuni ni mzee gani anayeishi peke yake, ni nani asiyeweza kutembea, ni watoto gani wanaobaki peke yao mama akienda sokoni. Msiandike orodha, katika mji wetu orodha za majina hutia watu hofu. Salimianeni nao, rudini tena, mpaka majina yao yakae vichwani mwenu, na yenu vichwani mwao.