DADA WA SALUNI, MDOGO WAKE NA JINI WA KWENYE SOKETI

Pande za Mbagala kuna dada mmoja ana saluni yake, ile ya fremu moja yenye picha ya msanii wa bongo movie aliyewahi kusukwa pale mara moja tu, miaka hiyo. Picha imeshapauka lakini haitoki ukutani. Dada ni mchapakazi, hilo hakuna wa kumnyima. Tatizo lake lilikuwa LUKU. Akinunua umeme Jumatatu, Alhamisi mita inalia.

Na mchawi wake alishampata: mdogo wake wa kiume.

Huyu dogo alimaliza form four akapata ziro. Mama yao akapiga simu kutoka mkoani, "kaa na mwenzio huko mjini, huku ataharibika." Akaja. Mchana anamfuata fundi umeme mmoja mtu mzima, anambebea ngazi na kumchimbia kuta, malipo yake nauli na chipsi. Usiku analala kwenye fremu kama mlinzi. Sasa ole wake simu yake ionekane kwenye chaji. "Wewe ndo unanimalizia umeme! Wewe na hao mabishoo wenzako!"

Siku moja akaamua kujitetea. Akasema dada, unit moja ya LUKU ni wati 1000 zikitumika saa nzima. Chaja ya simu ya kawaida inakula kama wati 5. Ukichaji saa nne, ni 5 mara 4, unapata 20. Kwa hiyo ili hii chaja imalize unit moja, inabidi nichaji simu mara 50. Lakini hilo birika la umeme limeandikwa wati 2000, nusu saa tu unit imeenda. Draya moja ni wati 1200, likiwaka saa tano kwa siku ni unit sita, na wewe unayo mawili.

"Hizo hesabu ulizofeli ndo unakuja kunifundishia mimi?"

Alimjibu hivyo mbele ya wateja. Wakacheka. Dogo akachukua kaunta buku lake akatoka nje.

Hilo kaunta buku ndo mambo yote. Shuleni umeme ulimpita kushoto, anakariri herufi tatu hajui zinafanya nini. Yule fundi mzee alimfundisha kwa simtanki. Akamwambia liangalie hilo tanki la juu: kimo chake ndo volti, yaani nguvu ya kusukuma. Kwenye soketi za Bongo ni 230. Maji yanayopita kwenye mpira ndo ampea. Mpira ukiwa mwembamba, au umeubana kwa mguu, huo ndo ukinzani, na waalimu wanaupima kwa omu. Ukitaka kujua ampea, chukua volti gawa kwa omu. Basi, kanuni ya Ohm umeimaliza, na mzee mwenyewe hajui kama Ohm alikuwa mtu au kijiji.

Ila akamwonya: maji yanamwagika yakaishia chini, umeme haukubali. Lazima urudi ulikotoka. Unakuja kwa waya wa moto, unafanya kazi, unarudi kwa nyutro. Njia ikikatika popote, kazi imesimama, na swichi ni mahali pa kuikata hiyo njia kwa makusudi. Waya wa tatu, ule wa kijani na njano, ni ethi. Siku zote umekaa tu kama mlinzi aliyelala. Siku moto ukitoroka na kugusa chuma cha mashine, ethi ndo inaupa njia fupi ya kurudi, ampea zinapanda ghafla, fyuzi inakatika au breka inaanguka. Ukiikosa ethi, chuma kinabaki na moto kinamsubiri mtu. Mtu akikigusa huku amekanyaga chini, yeye ndo anageuka kuwa waya.

Sasa wadau, mle saluni kulikuwa na mashine ya stimingi iliyoanza visa. Mteja akishika stendi yake mkono unatekenywa. Mwenye viatu hasikii kitu, mwenye miguu mitupu anaruka. Maneno yakaanza. Mwingine akasema ni jini la mpangaji aliyetangulia. Dada akaenda kuchukua maji ya kuombewa akanyunyiza. Kunyunyiza maji kwenye mashine ya umeme, hebu fikiria.

Dogo akamwambia mara mbili kwamba ile plagi ni ya pini mbili. Inaingia kwenye soketi kwa sababu mnachokonoa tundu la juu kwa kijiti, na hilo tundu la juu ndo la ethi. Dada akamwambia aende akafagie.

Ikaja Jumamosi ya harusi. Bibi harusi, matroni na mashangazi, watu sita wamejaa kwenye fremu. Madraya mawili yanawaka, birika linachemka, stimingi inafuka, vyote kwenye ekstenshen moja iliyokunjwa nyuma ya kochi. Pigeni hesabu wenyewe: 1200, 1200, 2000, na stimingi yake 700. Jumla 5100. Gawa kwa 230, ni kama ampea 22, kwenye waya uliotengenezewa 13. Na joto la waya halipandi kistaarabu. Ampea zikiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne.

Binti anayeosha vichwa alitoka kwenye sinki, mikono inadondosha maji, malapa ameyaacha kule. Akashika stendi aisogeze.

Hakupiga kelele. Watu wengi wanadhani aliyenaswa anapiga kelele. Umeme wa nyumbani unageuka geuka mara 50 kwa sekunde, misuli inajikaza, mkono unafumba wenyewe. Binti alitoa macho tu na kutetemeka, shangazi mmoja akadhani ni kifafa.

Dogo alikuwa mlangoni. Akamwangalia binti, akageuka, akakimbia nje.

Dada alimtukana tusi ambalo haliandikiki. Kwenye zile sekunde alimchukia kuliko mtu yeyote duniani, mwanaume mzima anakimbia mtoto wa watu anakufa. Akanyoosha mikono amvute binti mwenyewe. Hajamfikia, taa zikazima, madraya yakanyamaza, binti akaanguka sakafuni. Dogo alikuwa ameenda kuzima meini swichi, maana iko ubavuni mwa nyumba. Angemshika yule binti wangekuwa wawili. Na dada angekuwa wa tatu.

Binti alipelekwa zahanati, wakamsikiliza mapigo ya moyo, wakamfunga mkono ulioungua. Yuko hai, anaosha vichwa mpaka leo, ila stimingi haisogelei. Bibi harusi alimaliziwa nywele saluni ya jirani, akachelewa, MC akamtania ukumbini.

Usiku dogo akafungua vitu kwa tochi ya simu. Ndani ya mashine waya wa moto ulikuwa umechubuka unagusa fremu. Breka haikuanguka, na isingeanguka. Breka inalinda waya usiungue. Mtu mwenye mikono mibichi anapitisha sehemu ndogo tu ya ampea moja, na kwa breka ya 32 hiyo si kitu. Kwa moyo ni kubwa. Kile kifaa cha kumlinda mtu kinakata kwenye miliampea 30, na mle hakikuwepo.

Kisha akafungua plagi ya ekstenshen. Plastiki imeshaanza kuyeyuka. Fyuzi imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.

"Nani kaweka hii?"

Dada akakaa kimya. Aliweka yeye, msimu wa Idi, fyuzi zilipokuwa zinakatika kila siku na foleni ya wateja iko nje. Aliona fundi mmoja akifanya hivyo, akaiga.

Asubuhi, dogo akiwa kazini, dada akalikuta kaunta buku chini ya kochi. Mle ndani kulikuwa na saluni yake nzima: kila kifaa na wati zake, kila soketi, tarehe na hesabu. Ukurasa wa mwisho ameandika ampea 22, akazungushia duara. Chini yake maneno mawili: "Dada hasikii."

Alilirudisha palepale. Hakuomba msamaha, si mtu wa hivyo. Jumatatu akafunga saluni, akampa dogo hela ya waya wa milimita 2.5, breka mpya, kile kifaa cha miliampea 30 na rodi ya shaba ya ethi. Yule fundi mzee akaja kusimamia, mwenye nyumba akapewa taarifa. Dogo akaanza kugongelea rodi nyuma ya fremu, dada amemshikia, mchanga wa Mbagala unamwagikia miguuni.

Mama ntilie wa jirani akachungulia. "Mnazika nini hapo?"

"Jini," dada akajibu, akamwambia mdogo wake aendelee kugonga.