Kizibo cha Mbarara Chafika Nakivale

Msafiri aingiaye Mbarara kutoka upande wa Masaka hulakiwa na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, kisha na pikipiki zilizopakia makopo ya maziwa, na ndipo mji wenyewe unapojitokeza kandokando ya mto Rwizi. Mji huu, ambao ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, si mgeni kwa askari. Divisheni ya Pili ya jeshi la Uganda ina makao yake Makenke, nje kidogo ya mji. Na wapiganaji wa zamani wa Tanzania waliofika hapa Februari 1979 hawajasahau jinsi majengo yake yalivyobomolewa. Kiswahili cha kambini kilikuwa kimekwisha kuzoeleka hapa miaka mingi kabla ya Baraza la Mawaziri la Uganda kupitisha, Julai 2022, kwamba lugha hiyo ifundishwe kwa lazima shuleni.

Safari yangu, hata hivyo, haikuhusu vita wala lugha. Ilihusu kizibo.

Katika hoteli niliyofikia palikuwa na karamu ya arusi. Kila chupa ya mvinyo ilipofunguliwa, kizibo chake kilianguka chini na kusukumwa kwa mguu. Asubuhi mfagiaji alikuwa amevikusanya pamoja na maganda ya karanga, tayari kwa pipa la taka. Nilimwomba anipe. Alinitazama kwa huruma, kama mtu atazamaye mgonjwa, akanihesabia kumi na saba.

Kizibo cha mvinyo ni gome la mti wa jamii ya mwaloni, umeao hasa Ureno na Hispania. Mti haukatwi. Hungojwa hadi utimize miaka kama ishirini na mitano ndipo ubambuliwe gome mara ya kwanza, na baada ya hapo hubambuliwa kila baada ya miaka tisa. Waganda hawatalishangaa jambo hilo, maana wao wenyewe hulibambua gome la mutuba kutengenezea nguo, kisha wakalivisha shina majani ya mgomba ili lipone. Ndani ya gome hilo la Ureno mna vyumba vidogo mno vilivyojaa hewa. Kwa hiyo kizibo huelea majini, hubonyea bila kuvunjika, na hakipitishi joto upesi. Sifa hizo tatu ndizo zinazokifanya kiwe na kazi nyumbani hata baada ya chupa kutupwa.

Kutoka Mbarara hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale ni mwendo wa kilomita 60 hivi, kupitia migomba ya Isingiro isiyokwisha. Makazi haya yalianzishwa mwaka 1958, yakawapokea Watutsi waliokimbia Rwanda. Leo wanaishi humo watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo. Sokoni nilisikia lugha nyingi, lakini bei ilitajwa kwa Kiswahili.

Mtu akitaka kujua thamani ya kizibo na atazame mapaa ya hapa. Mgeni anapowasili hupewa turubai, ambalo wenyewe huliita shitingi. Likipigiliwa msumari mtupu, upepo hulivuta na kichwa cha msumari kikalichana. Mvua ya kwanza hujimwaga kitandani. Basi watu huokota vizibo vya bati vya soda na bia, wakapitisha msumari katikati ya kila kimoja, meno yake yakielekea nje ili yasikwaruze turubai. Kizibo hulibana turubai mahali papana, nalo halichaniki. Nyumba moja niliihesabia vizibo arobaini upande mmoja tu. Chini ya mti jirani vijana walikuwa wakicheza dama kwa vizibo hivyo hivyo, huyu amevifudikiza na yule amevilaza chali. Na nilipouliza nani anaongoza, nilijibiwa na wote wawili kwa pamoja.

Mama mmoja kutoka Kivu alinikaribisha ndani. Nilipomwaga vizibo vyangu mkekani hakucheka kama yule mfagiaji. Alichukua kimoja, akakinusa, akakaa kimya.

"Baba," alisema, "kama ningekuwa na hiki mwaka ule, mtoto wangu asingelala hospitali siku sita."

Alikuwa ameweka mafuta ya taa katika chupa ya soda, akaiziba kwa karatasi iliyosokotwa. Mtoto wa miaka miwili, mwenye kiu, aliichomoa karatasi na kunywa. Jirani, kwa nia njema kabisa, alimtapisha. Hapo ndipo hatari ilipozidi, maana mafuta ya taa yanapopanda tena kooni huingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Mtoto alipona, nilimwona akifukuza kuku.

Ndugu zetu wa makambini, hasa akina mama wenye majiko ya mafuta na taa za akiba, nawaomba waisome tena habari hiyo. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda, hata ikiwa na kizibo kizuri, maana mtoto huijua chupa hiyo kuwa ya kinywaji. Yawekwe katika chombo kingine chenye alama, kimezibwa kwa nguvu, juu pasipofikiwa na mkono mdogo. Mtoto akishayanywa, asitapishwe. Apelekwe kituo cha afya mara moja.

Mama yule alinionyesha mwenyewe kazi ya vizibo, nami nilijifunza zaidi ya nilivyofundisha. Alivichemsha kwanza dakika kumi, vikalainika na kuondokwa na harufu ya mvinyo. Kimoja alikichonga kwa kisu hadi kikaenea mdomo wa chupa ya mafuta ya kupikia, akakifunga kwa uzi shingoni mwa chupa kisipotee. Cha pili alikifanya kishikio cha mfuniko wa sufuria: skrubu ilipitishwa kutoka chini ya mfuniko na kuzama ndani ya kizibo, na toka hapo hakuhitaji kitambaa ili asiungue vidole. Cha tatu kilichomekwa sindano zake zote. Askari aendaye doria angefanya vema kumwiga, kwani sindano iliyolegea mkobani humkumbuka mwenyewe wakati mbaya.

Kwa dumu la maji kizibo cha mvinyo hakifai, ni kidogo. Humo wengi hutia gunzi la mahindi au ndizi mbichi. Ndizi hukaa vizuri siku ya kwanza. Siku ya tatu inaoza ndani ya maji ya kunywa, na inzi wanaijua njia. Mwenye dumu lisilo na mfuniko ni heri anunue mfuniko kabla hajanunua sukari. Wala kizibo kikuukuu kisitumike kuziba maziwa, maana vitundu vyake huficha uchafu usioonekana.

Jioni niliteremka ziwani Nakivale. Mzee mmoja alikuwa akishona wavu, na maboya yake yalikuwa vipande vya ndala zilizokwisha. Nilimpa vizibo vilivyobaki. Alikitia kimoja majini, akakizamisha kwa kidole, kikaruka juu. Akakizamisha tena.

"Mbarara wanavitupa?" aliuliza.

Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza arusi nyingine ni lini.